Maandazi Mawili Kwenye Koti la Kijivu

Koti langu la kijivu halina mifuko tena. Niliishona midomo mwenyewe kwa uzi mweusi, na vijana wa kanisani wakiniona husema papa, yaani baba, anaogopa wezi wa treni ya metro, nami huwaacha waamini hivyo, maana ukweli unaniaibisha zaidi. Lakini sasa nimezeeka na aibu yenyewe imechakaa, kwa hiyo nitawaeleza.

Binti yangu Odette aliolewa na Simon, kijana Myahudi, mtu mpole, na yeye mwenyewe akaingia katika dini ya mumewe baada ya miaka mitatu ya masomo (mimi nilibaki Mmethodisti wangu, hatukugombana). Walikaa mtaa wa Auderghem, huku ughaibuni, na mtoto wao Eli, ambaye wakati huo alikuwa na miaka miwili na nusu. Mtaa wa pili walikaa wakwe za Odette, Monsieur Albert na Madame Rachel. Mzee hakuwa na neno. Mama mkwe ndiye hakuwa amewahi kula chakula nyumbani kwa Odette, hata kikombe cha chai, kwa sababu hakuamini kwamba mtu aliyekulia Lubumbashi kwenye nyumba ya Wakristo anaweza kushika jiko la Kiyahudi sawasawa. Mwaka ule akakubali. Pasaka yao ingefanyika kwa Odette, naye angekuja.

Odette alisafisha nyumba wiki tatu. Wakati wa Pasaka hawali kitu chochote chenye chachu, na si kula tu, hata chembe haitakiwi kuwamo ndani ya nyumba, kwa hiyo alichokonoa kiti cha mtoto kwa kijiti cha meno, akapiga vacuum mpaka ndani ya gari. Halafu akanipigia simu.

“Papa, tafazali, usilete kitu ya bunga. Ata kidogo.”

“Bon, nimesikia.”

“Ni mara ya kwanza belle-mère anakuja kukula kwangu. Unasikia, papa?”

Nilisikia vizuri sana: hakuna kitu cha unga. Lakini Ijumaa, kabla ya kupanda metro kule kwangu Anderlecht, nikafikiria siku tatu za kutafuna matsa, ule mkate wao mkavu kama ubao, na nilikuwa nimekaanga maandazi asubuhi, basi nikatia manne mfukoni. Nilijiambia katazo ni la wenyewe, mimi ni mgeni, na koti ni langu.

Moja nililila usiku huo chumbani, dirisha wazi, kama mvulana anayeficha sigara. Karatasi niliyoyafungia ilikuwa imelowa mafuta, kwa hiyo Jumamosi asubuhi nikachukua kitambaa kimoja cheupe cha mezani na kuyafunga upya. (Kumbukeni kitambaa hicho.) Eli akaingia akanikuta nakula. Tangu jana alikuwa amekataa kila kitu mezani, analia tu, nikamhurumia, au niseme nilitaka anyamaze, nikamkatia nusu.

“Hii ni ya sisi wawili,” nikamwambia, nikirudisha kitambaa mfukoni mwa koti mbele ya macho yake.

Mchana wakwe wakaja, na Eli aliyeshiba akakaa kimya kwenye kiti chake akivunjavunja matsa kama mtoto wa kwenye picha. Madame Rachel akamtazama muda mrefu, kisha akamwambia Odette kwa Kifaransa, “Unamlea vizuri.”

Odette akanifuata jikoni. “Papa, umesikia vile amesema?”

“Nimesikia,” nikajibu, na vidole vyangu vilikuwa bado na mafuta.

Jumapili wakarudi. Wana desturi moja ambayo Eli aliikosa Ijumaa, kwenye karamu ya usiku wa kwanza, kwa kuwa alilala mezani: mzee huficha kipande cha matsa ndani ya kitambaa, na watoto hukitafuta na kukileta, kisha hupewa zawadi. Monsieur Albert ni mtu anayependa kufundisha. Akaona si vizuri mtoto akose, akasema watarudia leo mchana, kama somo. Akamwonyesha kipande, akakifunga kwenye kitambaa cheupe, akakificha nyuma ya mto wa kochi, kisha akamwambia, “Eli, nenda ulete kile kilichofungwa kwenye kitambaa.”

Mtoto hakutazama kochi hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye korido na kuingia chumba changu. Mimi niliyejua anakokwenda nikajaribu kuinuka, goti likakataa, na kabla sijasimama alikuwa amerudi, amekumbatia kitambaa, anatembea polepole kwa fahari, na chembe zinaanguka nyuma yake toka mlangoni mpaka mezani. Akakiweka juu ya mapaja ya Madame Rachel. Kikafunguka.

Madame Rachel alitazama maandazi, akatazama kitambaa, ambacho kilikuwa cha Odette, akamtazama Odette.

“Sijui,” Odette akasema. “Maman, kweli, sijui.”

“Albert,” akasema yule mama kwa sauti ya chini, “niletee koti langu.”

Ningependa kuwaambia kwamba hapo nilisema. Sikusema. Niliangalia sahani yangu. Binti yangu alipiga magoti akaanza kuokota chembe moja moja kwa ncha ya kidole, nami nikaangalia sahani, mpaka Eli akaja, akaninyooshea mkono na kuniita babu kwa lugha yetu mbele ya wote, “Koko, ingine.”

Ndipo nikasimama. “Ni yangu. Odette alinikataza. Na jana mtoto alikula pia.”

Madame Rachel alikuwa ameshaingiza mkono mmoja kwenye koti. Akautoa. Akavua pete zake, akaziweka mezani, akapiga magoti karibu na Odette na kumwambia, “Leta kitambaa kilicholowa maji. Chembe hazitoki kwa vidole.” Wakafanya kazi bega kwa bega, mimi nikaambiwa nitoke nje na koti langu. Kwenye bustani Monsieur Albert aliyachoma maandazi ndani ya sufuria kuukuu, akimweleza mjukuu wetu kwa utaratibu kwa nini chachu huchomwa, na Eli akalia sana kwa sababu yalinukia vizuri.

Jioni Odette alinisindikiza mpaka metro. Nikaanza kuomba radhi juu ya maandazi, akanikatisha.

“Mandazi nilishasamehe, papa. Ni ile kunyamaza.”

Madame Rachel anakula kwake mpaka leo, na mimi hualikwa kila mwaka. Mlangoni hakuna anayenipekua. Usiku ule ule nilichukua sindano nikaishona mifuko, na neno la kweli nimeapa kutoliacha tena likae kinywani wakati mtu mwingine anapiga magoti kwa ajili yangu. Kila Januari nikisubiri basi, mikono inapata baridi sana. Acha ipate.