Siku Walipofagia Msitu

Sisi watu wa mlimani tuna ugonjwa wa usafi. Mwanamke wa kwetu akisikia kuna mgeni njiani anashika ufagio kabla hajauliza ni mgeni gani, na akiacha jani moja la mgomba uwanjani majirani watamsema mpaka jioni. Mimi mwenyewe ninao, sikatai. Lakini ugonjwa huo nusura utukoseshe msitu.

Msitu wenyewe ni bonde moja juu ya vihamba vyetu, yale mashamba ya ukoo yenye nyumba zetu, huko Kilema, pale migomba na kahawa inapokoma. Una miti ambayo watu wawili hawawezi kuikumbatia, una mbega, na una chemchemi inayolisha mfongo, ule mfereji wa wazee unaoshusha maji mpaka kwa mama na kwa nyumba zote za ukoo. Hakuna aliyewahi kutupatia karatasi ya kuumiliki. Babu wa babu aliukuta akauacha ulivyo, na waliofuata wakauacha vivyo hivyo. Wanawake wanakata majani ya ng'ombe pembeni, kuni wanaokota zilizokauka, nazo za pembeni pia, basi.

Mwaka ule kijiji kikaamua kupima ardhi yake yote. Mwenyekiti alilieleza jambo kwenye mkutano bila kuzunguka: eneo ambalo ukoo utaonyesha kwamba umelitunza kama msitu litaandikwa kuwa la ukoo, kwa haki ya kimila. Wakishindwa kuonyesha, linarudi kijijini na anaweza kupewa mwombaji mwingine. Na mwombaji alikuwepo tayari, tajiri mmoja wa mjini aliyetaka kulima viazi na kupanda mikaratusi. Mama aliposikia neno mikaratusi hakugusa chakula cha jioni. Kule kwetu hata mtoto anajua jinsi mti ule unavyokunywa maji. Mama ni mjane, ana ng'ombe wake, migomba yake na mfongo wake, hana kingine. Chemchemi ikikauka, angehama aende wapi? Kwangu Kiboriloni, kwenye chumba kimoja, akae na marobota yangu ya mitumba?

Mimi habari nilikuwa nazipata kwenye grupu la ukoo. Humo ndugu zetu wa Dar, ambao hawajashika panga tangu shule ya msingi, walikuwa mahodari wa kuagiza. Wakaguzi wanakuja, jamani, hakikisheni panapendeza. Msituaibishe. Nikaandika kwamba msitu si sebule, uachwe ulivyo. Mmoja akanijibu kwa kidole gumba, wengine wakapita kama hawajaona. Nikaona isiwe taabu, nikaweka simu, nikaendelea na wateja wangu.

Siku ya ukaguzi nilifunga kibanda nikapanda mlimani mapema. Pamoja na kuwahi kwangu, niliwakuta wageni wameshafika na wanaelekea bondeni. Mbele alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba na ndiye mkubwa wa ukoo sasa, amevaa koti lake la Krismasi, anatabasamu mpaka magego. Nilijua hapohapo kuna jambo.

Njia ya kuingia msituni ilikuwa imefagiwa. Sisemi imefyekwa, nasema imefagiwa, na michirizi ya ufagio inaonekana kwenye udongo kama uwanja wa kanisa siku ya Kipaimara. Vichaka vyote vya chini vilikuwa vimekatwa kuelekea kwenye chemchemi. Na kando ya njia, kushoto na kulia, baba mdogo alikuwa amepanga mawe kwa mstari na kuyapaka chokaa.

Chokaa! Msituni! Nilitamani ardhi inimeze.

Afisa wa ardhi aliyeongoza ukaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa buti za mpira, si mtu wa maneno mengi. Alisimama. Akayatazama yale mawe meupe, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mmeshagawana viwanja?"

Mwanzoni hakuna aliyemwelewa. Halafu na sisi tukaona alichokiona yeye. Mawe meupe yaliyopangwa mstari ni alama za mipaka ya viwanja. Ardhi iliyofyekwa na kusafishwa ni shamba linalongoja mbegu. Mjumbe mmoja wa kamati ya ardhi ya kijiji, ambaye kijiji kizima kilijua yuko upande wa tajiri, akadakia kwamba si aliwaambia, hawa wanasubiri karatasi tu ili wauze vipande. Baba mdogo akaanza kujieleza, ulimi ukamgoma. Mimi nikafungua mdomo, lakini mama akanibana mkono. Anaujua mdomo wangu, hauna breki.

Akasema yeye. "Mwanangu, tumefagia kwa sababu mlikuwa mnakuja ninyi. Ningewapokeaje kwenye takataka?"

Afisa hakucheka. Akamuuliza walifagia mpaka wapi. Mama akamjibu kweli tupu, kwamba walifagia mpaka kwenye chemchemi, halafu migongo ikakataa.

"Basi tuanzie hapo migongo ilipokataa," akasema afisa.

Tukaivuka chemchemi. Huko ndiko ulikokuwa msitu, giza na baridi, udongo unadidimia chini ya miguu, mbega wanatuchungulia kutoka juu. Miti ya msesewe, ile inayotupatia gome la kutia uchungu kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa na makovu ya zamani upande mmoja, yamepona na kufunikwa na gome jipya. Mbele kidogo tukafika kwenye gogo la mkulo, mti wa mbao za thamani, limelala bondeni, nene hata ukisimama upande huu humwoni mtu wa upande ule. Afisa akalichanja kwa ncha ya panga. Juu lilikuwa na kuvu, lakini ndani mbao ilikuwa nzima na harufu yake ilitufikia sote. Akauliza kwa nini mali kama hii imeachwa.

Baba mdogo safari hii ulimi ulimtii. Alisema gogo lilianguka yeye akiwa mtoto, na kwa wazee wetu kinachoanguka bondeni ni cha maji. Hakibebwi, hakipasuliwi, hata kama nyumba yako haina kenchi. Akasema hajui sababu zaidi ya hiyo, ndivyo alivyoambiwa na ndivyo alivyowaambia wanawe.

Afisa akamgeukia yule mjumbe, akamuuliza gogo hili lingekuwa kwake ingekuwaje. Mjumbe akalitazama, akakuna kichwa. Lazima nimpe haki yake, hakudanganya. Akasema kwake lisingelala hata wiki. Watu wakacheka, naye akacheka.

Kabla ya kuondoka, afisa alitupa maagizo makali. Mawe yatoke, na majani yaliyofagiwa yarudishwe yote msituni, kwa sababu hiyo tunayoiita takataka ndiyo blanketi la chemchemi. Basi ukoo mzima ukashika matenga, tukawa tunabeba takataka kuzirudisha porini, na mama ndiye mkali kuliko wote, anakagua kama zimetandazwa sawasawa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, ila moyoni nilikuwa na hofu, kwa sababu yule afisa aliondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Jibu lilikuja kwenye mkutano wa kijiji, uwanjani pa shule, baada ya wiki nyingi za kusubiri. Walianza na barabara, wakaja makaburi, wakaja malisho, mimi nimekaa nakula kucha. Hatimaye wakalisoma bonde letu: msitu wa ukoo, hauuzwi, haulimwi, haupandwi mti wa kigeni. Mikono ikanyooka juu, na wa yule mjumbe ukiwemo. Nikapiga kigelegele nimekaa chini vilevile, na sioni aibu kusema kwamba nililia.

Mama hakulia wala hakushangilia. Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Tangu litangazwe lile jambo, kila usiku nilikuwa naamka kusikiliza kama maji bado yanapita." Sikujua. Muda wote ule hakuniambia.

Tulipoingia ndani alikaa kitandani na viatu vyake, akajinyoosha, usingizi ukamchukua mchana kweupe. Mama yangu, ambaye maisha yake yote sijawahi kumwona amelala jua likiwa juu. Nilimvua viatu, nikamfunika kitenge, nikatoka kwenda kukata majani mwenyewe. Alilala mpaka jioni, na hata ng'ombe alipolia hakuamka.