Siku ya Kumtoa Bi Nur

Mimi ni mshonaji wa mabuibui hapa mtaa wa Langoni, Lamu, na ukuta wangu wa nyuma ndio ukuta wa Bi Nur. Kwa miaka kumi na minne yeye amesikia cherehani yangu, nami nimesikia ndoo zake na kikohozi cha mumewe. Watu wakiniuliza habari zake huwa wanataka umbea. Umbea sina. Nina kosa langu, na hilo ndilo nitakalolieleza.

Alizaliwa Norwe, kaskazini kabisa, kwenye mji mdogo wa wavuvi ambako wakati wa baridi jua halichomozi kwa miezi miwili. Mimi nilimbishia hilo mpaka akaniletea picha. Kwao aliitwa Ingunn. Alikuja Lamu kutembea akiwa na miaka thelathini na minne, akakodi chumba katika nyumba iliyokuwa ikitengenezwa, na fundi wa chokaa aliyekuwa juu ya ngazi alikuwa Fadhil. Yaliyobaki yanajulikana. Akasilimu, akaitwa Nur, akaolewa, akajifunza Kiamu kwa mawifi zake. Vijana wetu siku hizi wakisema nawe hujui kama wanakuamkia au wanakutukana, lakini Bi Nur husema "nti" na "ndia", si nchi na njia, kama marehemu bibi yangu.

Hawakujaaliwa mtoto. Tarehe tatu ya Rajabu Fadhil alilalamika kifua asubuhi, na kufika adhuhuri alikuwa ametutoka. Bi Nur akakaa eda kama mjane yeyote, miezi minne na siku kumi kwa hesabu ya mwezi, hatoki bila dharura, hajitii manukato wala hina wala dhahabu. Mawifi zake walikuja kutoka Faza, ng'ambo ya maji, wakakaa mpaka khitma ikasomwa, wakarudi kwao. Baada ya hapo hodi zikapungua. Msiba ni wa watu siku za mwanzo, kisha huachiwa mwenyewe.

Mwezi wa Shaabani nikaanza kusikia ukuta ukigongwa. Pu. Kimya kidogo. Pu. Siku ya kwanza nilidhani anapigilia msumari. Siku ya nne sindano iliniruka nikaharibu mkono wa buibui la watu, nikavaa viatu nikaenda. Nilimkuta uani, gauni amelipandisha kidogo, anaupiga mpira ukutani kwa mguu wa kushoto. Mpira ulimrudia ukatua penye unyayo wake kama paka aliyezoea kulishwa.

"Bi Nur," nikamwambia, "uko katika eda."

"Nayua, Bi Lubna. Eda imenikataza uturi. Haikunikataza ukuta."

Nikaketi. Akanipikia kahawa, na jioni ile ndipo nilipojua jirani yangu alikuwa nani.

Alikuwa mshambuliaji. Misimu kumi na mitatu katika ligi ya wanawake ya kwao, mabao tisini na manne. Aliitwa timu ya taifa mara tatu, akaingizwa mara moja, dakika ishirini, mvua ikinyesha. Asubuhi alikuwa akipanga samaki kwenye makasha kiwandani, maana wakati ule mpira haukuwalisha wanawake, na jioni alifanya mazoezi chini ya taa, kwenye theluji. Uwanjani waliingia watu mia, na nusu yao jamaa za wachezaji. Alisema mshambuliaji ndiye mpweke kuliko wote. Wenzake wako nyuma, yeye yuko mbele na mabeki wawili wasiomtakia heri, na kuna siku mpira haumfiki hata mara moja. Kazi yake ni kukaa tayari.

"Na Fadhil aliyua haya?" nikamwuliza.

"Aliyua. Aliniambia, hayo ni yako, ukipenda utayasema. Lakini mara nyingine nikiosha vyombo akinitupia ndimu, kuona kama nitaipokea kwa mguu."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Nikatazama kahawa yangu.

Mechi yake ya mwisho hakujua kama ni ya mwisho. Goti lilikuwa linamsumbua tangu msimu uliopita. Dakika ya sitini na moja akaona pembeni ubao umeinuliwa na namba yake, kumi na moja. Akatoka taratibu. Ada yao ni kwamba anayetoka na anayeingia hushikana mikono pale kwenye mstari. Yule msichana aliyeingia alikuwa na haraka ya ujana, akampita mbio bila kumtazama. Bi Nur akaketi kwenye benchi akidhani Jumamosi ijayo atarudi. Hakurudi tena. Miaka kumi na tano imepita, na alipofika hapo alinyoosha mkono mbele yake akaugeuzageuza, kama anayetafuta kitu kilichoandikwa kiganjani.

Basi nikawa nakwenda kila baada ya siku mbili. Ramadhani tulifuturu pamoja mara chache, si nyingi, nami nina nyumba yangu na wajukuu. Sikukuu ya Idi aliipokea kwa gauni lake lile lile la eda, watoto wakapita mlangoni wakiwa na nguo mpya, akawapa peremende kupitia mlango uliofunguliwa nusu. Kaka yake kwao alikuwa akimpigia simu kila Jumapili, akimwambia chumba kipo, arudi.

Asiyejua mila zetu nimweleze. Mjane akimaliza eda hatoki hivi hivi, kama mtu anayekwenda dukani. Wanawake humjia asubuhi. Huoshwa, huvishwa nguo mpya, hufukizwa udi, hutiwa asumini, kisha hushikwa mkono akatolewa nje mbele ya majirani. Sheria haikulazimisha haya, ni sisi tumejiwekea. Na wenye haki ya kumtoa ni jamaa: mama, shangazi, au somo aliyemfunda unyumba. Bi Nur hakuwa na hata mmoja. Walibaki mawifi wa Faza.

Mwanzo wa Mfungo Pili, mwezi ambao eda ingekwisha, aliniambia, bila kunitazama, "Wakiya kunitowa, nakaa. Wasipokuya, nitayua sina watu hapa. Kaka yangu ana chumba."

"Watakuja," nikamwambia. "Kwa nini wasije?"

Nikasema hivyo kwa moyo mkunjufu, nikarudi kwenye cherehani yangu. Sikumpigia mtu simu. Kuwakumbusha ni kuwaambia wamesahau mke wa ndugu yao, na kuwatangulia ni kuwavua nguo mbele ya mji mzima. Hiyo ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, na nimeishika mpaka uzeeni. Baadhi ya adabu zetu ni upumbavu uliovaa buibui.

Tarehe kumi na tatu, siku ya eda kwisha, ikafika. Asubuhi nilisikia maji upande wa pili, nikasema alhamdulillahi, wamekuja, anaoshwa. Nikangoja vigelegele. Sikusikia. Nikasema wenye msiba hawapigi vigelegele. Nikangoja aje kunisalimu, maana mimi ndiye jirani wa karibu. Hakuja. Nikaudhika, na ukweli niuseme, nilimnunia. Nikasema moyoni, amepata mawifi zake, mimi wa ukutani amenisahau. Tarehe kumi na nne kimya. Kumi na tano kimya, hata mpira sikuusikia.

Tarehe kumi na sita uvumilivu ukanishinda. Nikampigia Bi Amal, dada yake Fadhil, kule Faza.

"Mumemtowa wifi yenu hamukunita hata kunusa udi?"

"Bi Lubna, sisi twangoja kwitwa. Twalisema majirani wa Langoni ndio waliokaa naye miezi yote, ndio wenye haki. Twaliona haya kuwanyang'anya."

Simu nikaiweka juu ya kitambaa nilichokuwa nikikikata, na mkasi nikauacha wazi. Watu wazima wa pande mbili za maji, kila mmoja akimstahi mwenzake, na katikati mtu anangoja.

Mlango wake haukuwa umefungwa. Nilimkuta ameketi ndani, hatua mbili kutoka kizingitini, kwenye kiti cha Fadhil. Alikuwa amevaa gauni jipya la kijani. Nilijua mara moja kuwa si la leo, kwa vile lilivyojikunja mapajani na mgongoni. Mshonaji haambiwi hilo. Alilivaa tarehe kumi na tatu baada ya kujiosha mwenyewe, na kila asubuhi amelivaa tena akaketi pale pale. Nyuma yake kulikuwa na sanduku, na kifuniko kilikuwa kimefungwa.

"Bi Nur, eda imekwisha siku tatu. Mbona hukutoka? Nani amekuzuia?"

"Hakuna." Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajasema neno tangu jana. "Mtezaji hatoki uwanjani kwa nafsi yake. Hungoja namba yake inyanyuliwe. Nalidhani na huku ni vivyo."

"Na hilo sanduku?"

"Kesho ni Jumapili. Kaka yangu atapiga simu."

Nilitaka kumweleza habari ya Faza, na adabu, na nani alimwonea haya nani. Maneno yote niliyaona mabovu. Sikuja na udi wala asumini, nilikuwa na mabaki ya uzi mweusi kwenye gauni na tepu ya kupimia shingoni. Hata hivyo nikarudi nyuma mpaka nje, nikasimama pale barazani ambapo mtu yeyote apitaye angeniona, mwanamke wa miaka sitini na mitatu asiyejua mpira ni nini. Nikanyanyua mikono yangu juu, vidole vyote kumi. Nikaishusha. Kisha nikanyanyua kidole kimoja, cha kumi na moja.

Bi Nur akasimama, goti likamchelewesha, akaja taratibu mpaka kizingitini.

Sikumwacha anipite. Nikamshika mkono.