Chokaa ya Daraja

Nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya gombolola, serikali yetu ndogo ya kienyeji huku Muleba, nikingoja risiti ya kodi. Mkulima mmoja akaingia, akavua kofia.

"Waitu, Bwana Karani, mbao za daraja tumepasua wenyewe. Tupeni misumari tu."

Karani hakuinua macho. "Fungu la misumari limekwisha. Limebaki la chokaa, na lisipotumika mwaka huu litarudishwa Bukoba."

"Sasa chokaa itashika mbao?"

"Mafungu sikupanga mimi."

Basi nguzo za daraja zikapakwa chokaa, zikang'aa. Mbao zililazwa tu juu yake bila kupigiliwa. Mvua iliponyesha zikateleza, na mke wa yule mkulima akatumbukia mtoni na mkungu wake wa ndizi kichwani.

Juzi nilimkuta tena yule mkulima pale ofisini, kofia mkononi.

"Waitu, naomba chokaa kidogo, ya kaburi la mke wangu."

Safari hii karani aliinua macho. Akajibu kwa upole kabisa, "Pole sana, tata. Ile ni ya madaraja."

Nasikia Bwana DC hulalamika kwamba ofisi zetu za kienyeji zinatapanya mali. Anatuonea. Hapa kwetu hata tone la chokaa halijapotea.