Mimi Si Sungura wa Mtu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mkesha wa mwaka mpya wa Kichina, baba yako akiegesha gari mbele ya nyumba ya mama yake kule Auburn, hapahapa Sydney. Hatukuwa tumeoana bado. Tulikuwa tumefahamiana kiwandani Wetherill Park, tukifunga mikate shifti ya alfajiri, na siku hiyo alikuwa ananipeleka kwao kwa mara ya kwanza. Nilivaa kitenge chekundu, maana aliniambia nyekundu ndiyo rangi ya sikukuu yao. Nilikuwa nimevuka thelathini kidogo, lakini moyo ulinidunda kama wa msichana.

Akazima gari, ila hakushuka.

"Mama atakuuliza umezaliwa mwaka wa mnyama gani," akasema. "Sema sungura."

Wewe umekua na wanyama hao kumi na wawili, unawataja kwa zamu bila kukosea: panya, ng'ombe, chui milia, sungura, mpaka nguruwe, kisha wanaanza upya. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nawasikia. Nikamwuliza kwa nini sungura. Akanieleza kwamba karatasi zangu zinasema mosi Januari, na kwamba mwaka ule mwaka mpya wao uliingia Februari, kwa hiyo mimi nilikuwa bado wa chui milia. Na mwanamke wa chui milia, wazee wao hawamtaki karibu na bi harusi, eti ana nuksi. Shangazi yako Mei alikuwa anaolewa wiki mbili baadaye.

"Sogeza mbele miezi miwili tu," akasema. "Hata hivyo, tarehe yenyewe si ya kweli."

Hapo alinichoma. Ni kweli, haikuwa ya kweli. Kule Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi, karani alipomwuliza bibi yako, mama yangu, nilizaliwa lini, bibi alijibu kwamba mtama ulikuwa umeiva. Karani hakuwa na mahali pa kuandika mtama. Akaandika mosi Januari, kama alivyowaandikia walionitangulia na walionifuata kwenye foleni. Ndiyo maana kanisani kwetu Blacktown nusu ya waumini wanazeeka siku moja. Sisi wenyewe tunalicheka jambo hilo. Lakini kulicheka ni haki yetu, na mtu hapewi haki hiyo kwa kuwa tu anakupenda.

Tukaingia. Mlangoni kulikuwa na karatasi nyekundu zenye maandishi ya dhahabu, na mezani samaki mzima, kichwa kikimwelekea mama mwenye nyumba. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, macho makali. Hatukuwa tumemaliza sambusa zao za kuchemsha alipouliza. Baba yako hakunisubiri. Alijibu yeye kwa Kichina, akaweka vidole viwili juu ya kichwa changu kama masikio. Meza nzima ikacheka. Mama mtu akatabasamu, akanimegea samaki sehemu ya shavuni, ile tamu.

Nikautazama ule mnofu, mwanangu, nikashindwa kuula. Nilijiambia: ukimla samaki huyu, utakuwa sungura maisha yako yote katika nyumba hii.

Nikaweka vijiti chini, nikamgeukia Mei, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kizuri na uso wake ulikuwa wazi.

"Mwambie mama mimi si sungura," nikasema. "Siku yangu siijui. Niliyo nayo nilipewa na karani, na hiyo ni ya chui milia. Akitaka mnyama, basi ni huyo. Lakini sitapewa siku nyingine ya uongo hapa mezani."

Mei alimtazama kaka yake kwanza, kisha akatafsiri. Nikajua amelisema lote, maana kicheko kilikatika. Mama mtu akafuta mikono taratibu, akasema maneno machache: chui milia hataingia chumba cha bi harusi.

Nikainuka, nikatoka. Baba yako alinifuata hadi stesheni, ananibembeleza. "Ni wiki mbili tu, Consolata. Ungenyamaza tu." Nikamwambia, "Wewe nyamaza kwa ajili yangu uone inavyokaa kooni." Nikapanda treni peke yangu.

Bibi yako alinisikiliza huku akichambua maharage. Nilidhani atasema niachane nao. Aliuliza tu, "Huyo mama alikuuliza kwa adabu?" Nikasema ndiyo. "Basi ana haki ya kujibiwa. Ila atajibiwa na mimi niliyekuzaa."

Kesho yake, siku ya kwanza ya mwaka wao, wanapotembeleana, bibi yako alivaa nguo zake za kanisani, akabeba sufuria ya maharage yenye mawese, tukagonga mlango ule bila kualikwa. Akazungumza palepale mlangoni, kwa Kiswahili chake cha kambini. Mimi nikayaweka kwa Kiingereza, Mei kwa Kichina.

"Wanyama wako siwajui," alisema. "Najua mtama ulikuwa umeiva, mume wangu alikuwa safarini, nikamzaa huyu peke yangu pembezoni mwa shamba. Kitovu nilikikata kwa mundu. Jioni nilipika. Tulipokimbia, huyu ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni hadi mpakani. Sasa nionyeshe hiyo nuksi yake, nami niione."

Mama mtu akahesabu kwa kidole gumba juu ya pingili za vidole vyake.

"Mwaka gani?"

"Sijui. Na sitabuni ili kukufurahisha."

Wale wanawake wawili walitazamana hadi nikaona aibu kuwepo. Kisha mama mtu akaipokea sufuria. Hakubadili msimamo, usidhani. Alisema tukae ukumbini siku ya harusi, chumbani nisikanyage.

Siku ya harusi nilikaa ukumbini na mama yangu, kichwa juu. Mlango wa chumba ukafunguka, Mei akatokea mwenyewe, gauni halijafungwa mgongoni. "Njoo unifunge vifungo," akaniita mbele ya wazee wote. "Chumba ni changu leo." Nikaenda. Nilivifunga vyote.

Mama mkwe wangu, hadi alipofariki, kila mara shangazi yako Mei alipopata mafua, alinitazama mimi. Na kila mwaka mpya aliniagiza maharage yale. Baba yako alikuja Blacktown kuniomba radhi, na tangu hapo swali ninaloulizwa mimi halijibu yeye.

Nakwambia haya kwa sababu juzi nilikusikia kwenye simu ya kazi ukisema, "Just call me Amy," niite tu Amy. Wewe ni Amahoro. Watu wakishindwa kulitamka, wafundishe. Wakichoka, watapumzika na wataanza tena. Usikubali kupunguzwa ili meza ya mtu itulie. Usiseme uongo juu ya nafsi yako hata kama anayekuomba anakupenda. Na usilolijua, sema hulijui, usimame hapohapo. Kuna milango utafungiwa. Sitakudanganya.

Mungu akupe mgongo usioinama, mwanangu, na ulimi usiotetemeka. Akupe watu watakaokuita kwa jina lako lote, na chakula kitakachoshuka vizuri kooni mwako. Nenda na baraka zangu, na za wale wanawake wawili.