Shilingi Moja kwa Kichwa

Mwaka niliotimiza miaka kumi na sita, baba yangu alianguka na baiskeli karibu na stesheni ya Shinyanga, akavunjika mguu, na mimi nikawa mpiga picha. Sijidai kwamba nilisikitika inavyopasa. Nilimhurumia, nilimpelekea uji kitandani, lakini jicho langu moja lilikuwa kwenye msumari wa ukutani mwa studio, ambako kamera yake ya macho mawili ilining'inia kwa ukanda wa ngozi. Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kuosha picha kwenye dawa, kuzianika na kuzikata kingo. Kupiga nilikuwa nimepiga mara chache, tena yeye akiwa nyuma yangu anakohoa.

Wiki ya pili ya plasta akaja mzee mmoja mfugaji kutoka upande wa Kishapu, pamoja na mkewe. Walikuwa wametoka posta kuchukua barua ya mtoto wao aliyekuwa akisoma ng'ambo, kwenye nchi za baridi. Kila barua ya kijana huyo iliuliza hali ya ng'ombe kwanza, watu baadaye. Mzee alikuwa amechoka kujibu kwa maneno ya kuandikiwa na mwalimu. Alitaka kijana awaone ng'ombe kwa macho yake mwenyewe. Baba akamwonyesha mguu, kisha, shingo upande, akanionyesha mimi.

Wageni walipokwenda kununua chumvi, baba aliniita.

"Bei utapanga mwenyewe," alisema. "Ukirudi na hasara, kamera inarudi msumarini, na wewe unakwenda kwa shangazi yako kwenye cherehani."

Shangazi alishona sare za shule. Nilishakaa kwake likizo moja, nikashona shati lenye mkono mmoja wa mtoto wa darasa la kwanza na mwingine wa darasa la saba. Kusema kweli niliogopa cherehani kuliko nilivyoogopa fisi, na huko nilikokuwa nakwenda fisi walikuwepo.

Tuliondoka jioni ile juu ya lori la pamba, mimi nimekaa karibu na yule mama, kamera mapajani. Njia nzima nilipanga bei. Picha za vitambulisho zilikuwa na bei yake, lakini ng'ombe hawana vitambulisho. Picha za familia baba alitoza shilingi moja kwa kichwa, mtoto wa mgongoni bure. Nikaona hiyo ndiyo yenyewe: shilingi moja kwa kichwa, ndama bure. Kama mzee alikuwa na ng'ombe sitini, nilikuwa tajiri. Nikamuuliza yule mama wapo wangapi. Akatazama mashamba ya pamba, akasema, "Wapo." Nikadhani hajanisikia kwa sababu ya kelele za lori.

Asubuhi, baada ya shikamoo na marahaba na bakuli la maziwa, tulisimama mlangoni mwa zizi. Ng'ombe walikuwa bado ndani, wanapumua mvuke. Nikavaa uso wa kazi, nikataja bei yangu kwa sauti ya mtu aliyeizoea. Kisha nikanyoosha kidole kuelekea zizini nikaanza: mmoja, wawili, watatu.

Sikufika kumi. Mzee aligeuka akanipa mgongo. Mkewe alinishika kile kidole, akakikunja ndani ya kiganja changu, akakiacha hapo kama mtu anayefunga mlango.

"Hapa kwetu ng'ombe hawahesabiwi, ng'wanawane," alisema taratibu. "Ukiwahesabu unawapunguza."

Ng'wanawane ni mwanangu kwa Kisukuma, na lile neno ndilo lililonizuia nisilie. Sisi wa mjini, ambao babu zetu walifika na biashara kutoka pwani, tulihesabu kila kitu mpaka kete za bao. Nikauliza kwa aibu, sasa mzee hujuaje kama mmoja amepotea? Mama akasema hujua ni yupi hayupo. Jioni husimama hapo mlangoni, wanapita, na asiyepita anamjua kwa rangi, kwa pembe na kwa tabia yake.

Uso uliniwaka. Niliona nimemtukana mwenye nyumba mbele ya mali yake, na zaidi ya hapo niliona nimeumbuka, maana tamaa yangu ya shilingi sitini ilikuwa imesimama uchi mbele ya zizi. Kwa haraka ya kutaka kusamehewa nikatupa bei nyingine: filamu moja, picha kumi na mbili, ng'ombe wa kupigwa atawachagua yeye mwenyewe, shilingi ishirini na nane kwa yote.

Mzee akageuka. Akachuchumaa, akataka nimweleze hiyo ishirini na nane imetoka wapi. Nikamwambia: filamu shilingi nane, karatasi na dawa kumi na mbili, lori kwenda na kurudi nane. Kwa kila jambo aliweka kijiti chini kwenye vumbi. Vitu vya dukani vilihesabika bila madhara. Vilipofika vijiti vitatu, alivitazama, akanitazama.

"Na wewe uko wapi hapa?" aliuliza.

Nikasema mimi namsaidia baba tu.

"Mchungaji wangu hunywa maziwa kila siku, na akimaliza miaka miwili nampa mtamba. Wewe unajilipa nini?"

Juu ya lori nilikuwa nimejipangia utajiri, niliposhuka nikajifuta kabisa, na katikati hapo sikuwahi kujiuliza kazi yangu yenyewe ina thamani gani. Mzee akaokota kijiti cha nne, akanipa mkononi, akasubiri. Alikuwa na subira ya kuchosha. Nikafikiria filamu ngapi nilizoosha gizani mpaka vidole vikanuka siki, nikafikiria cherehani, nikakiweka kijiti chini pamoja na vile vingine.

"Shilingi ishirini," nikasema.

"Kumi," akasema papo hapo.

Mkewe akaangua kicheko. Mimi nilipandwa na hasira. Mtu ananilazimisha nijitie bei, halafu ananikata nusu.

"Kwa kumi, mzee wangu, mtoto wako ataona mikia tu."

Nilipotamka nikatamani kurudisha maneno. Lakini yeye alicheka mpaka akashika goti. Alikuwa amenunua na kuuza mnadani tangu kabla baba yangu hajazaliwa, na nadhani alikuwa anangoja tu nianze kujitetea.

"Haya, ishirini," alisema. "Lakini mkia nisiuone."

Kazi ikaanza. Wasioijua kamera ya macho mawili niwaambie: unachungulia kwa juu, na mle ndani upande umegeuzwa, anayekwenda kulia unamwona anakwenda kushoto. Kwa maharusi waliokaa kwenye viti haina shida. Ng'ombe hawakai. Mzee alimwita mmoja mmoja, akasimama naye bega kwa bega, kofia kifuani, na mimi nikawafukuzia kwa kuelekea kusikotakiwa. Nilikanyaga samadi ya kila umri. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote ya ujana wangu.

Picha nilizisafisha nyumbani. Kumi na moja zilitoka safi. Ya kumi na mbili ilikuwa na kiwiko cha mzee, kipande cha mbingu, na mkia.

Nililala vibaya siku tatu. Mzee alipokuja kuzichukua nilimpa zote, ile mbaya ikiwa juu, nikamwambia hiyo haina malipo. Baba alikuwa kwenye kiti, mguu juu ya kigoda, anasikiliza. Mzee aliinua ile picha karibu na jicho.

"Huyu ni yule mwekundu aliyezaliwa mwaka wa ukame," akasema. "Kijana atamtambua."

Akalipa arobaini na nane kamili, akaondoka na mkia wake.

Baba akataka kujua hesabu. Sikuwa nimeandika popote, nikavunja kijiti cha ufagio vipande vinne, nikavipanga mezani kimoja kimoja kama nilivyofundishwa. Filamu. Karatasi na dawa. Lori. Cha nne nikasema ni mimi. Akakichukua akakizungusha vidoleni muda mrefu. Alikuwa mpiga picha mzuri, wote mjini walisema hivyo, na ukuta wa studio yetu ulikuwa haujapakwa rangi tangu nizaliwe.

"Mimi hiki sijawahi kukiweka," alisema.

Nilitamani kumkumbatia, lakini kwetu mtoto hakumkumbatia baba hivi hivi, nikamletea chai. Kesho yake asubuhi nilipoingia studio kurudisha kamera, nilikuta kwenye ule msumari baba ametundika kofia yake.