Beseni la Mzee Milimita

Kwa miaka ishirini na saba, mpimaji wa kituo cha hali ya hewa, aliyepachikwa jina la Mzee Milimita, hakuwahi kuacha pengo hata moja katika daftari lake. Mwisho wa mwezi angestaafu, na fahari pekee aliyotaka kuondoka nayo ni hiyo.

Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, aliliinamia beseni pana la bati lililojazwa maji na kuachwa wazi juani. Yaliyopungua tangu jana ndiyo yaliyopaa kuwa mvuke. Na kiangazi kile yalipaswa kupungua milimita saba kwa siku. Lakini kwa siku kumi na moja yalipungua mara milimita mbili, mara milimita moja, mara hayakupungua kabisa. Alilaumu macho yake. Akabadilisha miwani; vipimo vikabaki vile vile.

Siku ya kumi na mbili akaamua kuwahi. Jua halijachomoza sawasawa, akamkuta mlinzi wa kituo, ndugu wa mkewe, ameketi ukingoni mwa beseni, miguu yote miwili majini, anasugua magaga kwa jiwe. Povu la sabuni lilielea, na katikati ya povu, kohozi.

Mzee Milimita alilichungulia lile kohozi, akarudi nyuma hatua moja.

"Shemeji! Uchafu huu umeuanza lini?"

"Tangu tupewe mabuti haya ya mpira. Miguu inanuka hadi mbwa wananikwepa! Usinune, bwana, ninayomwaga nayarudishia kwa ndoo. Tena nazidisha kidogo."

"Na kohozi?"

"Si litapanda juu, lishuke mvua safi? Wewe mwenyewe huchoki kutuambia maji yanazunguka."

"Yanayozunguka ni maji!" Mzee Milimita aliyatoa maneno moja moja, kama anayeokota nzi kwenye mchuzi. "Jua huinua mvuke mtupu, kutoka ziwani, udongoni na majanini. Ukifika juu hupoa, ukawa matone ya wingu, ukarudi mvua. Kohozi lako halina mbawa. Linabaki papa hapa, na magaga yako."

Mlinzi alicheka, akajipangusa miguu kwa kofia ya kazi.

"Basi jaza saba, saba, saba. Nani atajua? Mvuke wenyewe ulishakwenda zake."

Maneno hayo yalinuka kuliko mabuti. Na kilichomtia Mzee Milimita kinyaa kupita vyote ni kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwake tayari, na saba ya kwanza alikwisha kuifikiria kabla ya kushauriwa.

Akafungua daftari. Akapiga mstari juu ya siku zote kumi na moja, akaandika kwa hati yake iliyonyooka: *Hakuna kipimo. Mlinzi alinawa miguu ndani ya beseni.*

"Shemeji, utanifukuzisha kazi! Andika bata, basi. Bata wanaoga!"

Mzee Milimita akamkabidhi brashi ya kusugulia beseni.