Siku Ulimbo Alipouweka Mpira Chini

Sisi tuliokulia Tanga siku zile za mkonge, mgeni akifika nyumbani haulizwi atakula nini. Anaulizwa habari za alikotoka, anapewa maji ya kunawa miguu, na huku uani bibi ananyoosha kidole tu. Kidole kile watoto wote tulikijua. Maana yake kuku yule pale siku zake zimekwisha, mkamateni. Basi mbio zinaanza, kuku mbele sisi nyuma, chini ya kichanja cha vyombo, ndani ya shimo la taka, mpaka barabarani. Na kuku wa wakati ule alikuwa na akili, usinifananishie na hawa wa hapa Johannesburg wanaouzwa kwenye mfuko, wamejaa maji, ukimtia kwenye mafuta anakurukia usoni. Yule wa kwetu alikuwa anakutazama. Anajua.

Siku moja akaja mgeni kutoka Pangani, na kidole cha bibi kikamwangukia jogoo mwekundu aliyekwisha kutushinda mara nyingi. Jogoo akatoka mpaka barabara ya pili. Mimi magoti yamechubuka, kaptula imepasuka, na bibi yuko mlangoni anawaambia majirani kwamba mimi nililetwa duniani kula tu. Akawa anapita kijana mmoja ametoka kazini kwenye tanuri la mikate, nywele nyeupe kwa unga. Hakukimbia. Alisimama, akamwacha jogoo azunguke, akainama, akanyoosha mkono mmoja, na jogoo akawa ametulia mkononi mwake utadhani ndiko alikoamkia. Akanikabidhi. Akasema, "Usimkimbize. Mngoje akujie."

Huyo jina lake Bakari, lakini waliomwita hivyo ni mama yake, shangazi yake na mkewe. Mtaa mzima tulimwita Ulimbo, ile gundi ya kunasia ndege, kwa sababu alikuwa golikipa wetu na mpira ukifika mikononi mwake hautoki. Glovu hakuwa nazo, nani alikuwa nazo? Mikono ile ile iliyogeuza mikate ya boflo ya moto alfajiri ndiyo iliyodaka jioni. Na mipira ya wakati ule ilikuwa ya ngozi, ikinyeshewa mvua inakuwa jiwe. Mimi niliwahi kupiga kichwa mpira wa namna hiyo, na mwalimu wangu wa darasa la nne alisema ndio sababu shule yangu iliishia pale. Labda kweli.

Ninayasema haya kwa sababu Ulimbo amefariki, wiki iliyopita, huko huko Tanga, mzee wa kushikwa mkono. Binti yake Riziki tunaye hapa Joburg miaka mingi, anauza nguo Jeppestown, na kwake ni Joubert Park. Akatuita kwenye kisomo. Ghorofa ya juu kabisa, na lifti ya jengo lile ilikufa zamani, haikusomewa hata dua. Nikapanda kwa miguu, napumzika kila sakafu, harufu ya pilau inanivuta kama kamba. Tulikuwa watu wa Tanga, Wazanzibari wachache, na jirani yake, mama mmoja wa Burundi, Mkristo, aliyekuja na sufuria yake ya maharage na kukaa nasi mpaka dua ikaisha.

Baada ya kula tukaanza kumsimulia marehemu, na mimi mnanijua. Mjukuu wangu niliyekwenda naye akatoa simu, akabofya bofya, akaniambia kwa hicho Kizulu chake kilichotiwa Kiingereza kwamba mtu huyo hayupo. Hayupo wapi? Kwenye simu. Eish. Nikamwambia hata mama yake bibi yako hayupo humo, na bila yeye wewe usingekuwepo kushika hiyo simu. Yule mama wa Burundi akacheka, naye akauliza, "Sasa uyo muzee alicheza kweli, ama munatupambia hadisi?"

Riziki hakucheka. Akaweka sinia chini. Akasema alikua akisikia neno moja tu. Kila akitumwa dukani, wazee waliokaa kwa muuza kahawa walikuwa wanamwambia, wewe mtoto ndiye uliyekula kombe letu. Wanasema huku wanacheka, wanampa kashata, lakini wanasema. Na nyumbani baba yake hakutaja mpira hata siku moja, na njia ya uwanjani hakuipita tena. Kwa hiyo Riziki amezeeka na swali ambalo hakuthubutu kumuuliza mwenyewe, na sasa mwenyewe hayupo. Akanigeukia.

"Kaka Hamisi, wewe ulikuwepo. Baba alijuta?"

Nikamweleza nilichokiona, na nyinyi wa rika langu nawaeleza vilevile, maana vijana wa leo wanadhani mechi inachezwa uwanjani.

Mechi ilichezwa na kamati. Ilikuwa fainali ya kombe la mji, sisi na vijana wa upande wa stesheni. Kamati yetu ikawachukua wachezaji, ikawaweka kambini kwa mzee mmoja nje ya mji. Ukiingia kambi hutoki, na mke huonani naye mpaka mpira uishe, usije ukaharibu kazi iliyofanywa. Na siku ya mechi lango kubwa la uwanja hupiti, kwa sababu wenzenu wamekwisha kulifanyia mambo. Mnaruka ukuta wa nyuma. Ila na wenzenu nao wanaruka, wanaogopa mambo yenu. Lango linabaki wazi, anapita muuza barafu peke yake na mkokoteni wake, na mambo yote ya pande mbili yanamwangukia yeye. Alikufa kwa uzee, tajiri.

Sasa mke wa Ulimbo, Bi Zaina, alikuwa mjamzito, siku zake zimefika. Alikwisha kuzaa mara mbili, na mara mbili mtoto alitoka kimya. Mtaa wote tulijua. Wanawake wakipita mlangoni pale walishusha sauti. Ulimbo akaomba alale nyumbani. Mwenyekiti wa kamati, fundi cherehani mmoja mwenye maneno laini, akamwambia mkeo yuko mikononi mwa wanawake, sisi tutakuletea habari. Habari zikawa zinaletwa kila jioni: salama, bado. Hata asubuhi ya fainali, uchungu umekwisha kuanza na kamati inajua, aliambiwa salama, bado.

Mpira ukaenda bila bila mpaka jua likaanza kushuka. Sisi watoto tumelala kifudifudi nyuma ya goli la Ulimbo. Beki wetu akaunawa mpira, refa akaonyesha penalti, watu wakashika vichwa. Hapo ndipo tukamwona shangazi yake Ulimbo, Bi Mwanahawa, mkunga. Hajawahi kukanyaga uwanjani maisha yake. Akapita lango kubwa, kanga begani, mikono bado imeloa. Wanakamati wakainuka kumzuia, akawapita kana kwamba ni viti. Akaja mpaka kwenye mlingoti wa goli. Mpigaji wa stesheni amekwisha kuuweka mpira, anarudi nyuma.

Hakupaza sauti. "Bakari. Wa kike."

Ulimbo hakugeuka. Nilikuwa karibu, niliona shingo yake tu, imekaza. Hakuuliza. Wa kwanza alikuwa wa kike, na wa pili wa kike.

Akasema, "Analia."

Filimbi ikapigwa. Ulimbo hakuruka kushoto wala kulia. Aliungoja umjie. Ukamjia, ukanasa. Uwanja ukalipuka, wazee wa kamati wanakumbatiana, kila mmoja anasema ni kazi yake. Ulimbo akainama, akauweka mpira kwenye nyasi taratibu, anavyoweka boflo mbichi ubaoni, akafuta mikono kwenye kaptula, akaondoka.

Tulidhani anakwenda kunywa maji. Mabeki wetu wamesimama wanamtazama, wa stesheni wamesimama wanamtazama, mpira uko pale hauna mwenyewe. Mwishowe mshambuliaji wao akaja polepole, anaangalia huku na huku mfano wa mtoto aliyeingia jikoni kwa watu, akausukuma ndani. Refa akasema goli. Kombe likaenda stesheni.

Kamati zilikuja kumwomba, hata kutoka Dar es Salaam. Aliwaambia ana mikate. Jioni alikaa barazani na Riziki mapajani, na mpira wetu wa makaratasi ukimfikia aliurudisha kwa mguu. Mikono ilikuwa na kazi.

Siku hizi mchezaji akipata mtoto ananyonya kidole mbele ya kamera, watu wanapiga makofi, anaendelea kucheza. Siwalaumu, na wao wana mapenzi yao, na viatu vyao vinang'aa sana. Ila mimi nilishaona baba akipewa habari, na sijaona tena ya namna ile, si Tanga si hapa.

Basi Riziki, sikuona kujuta. Niliona hivi. Alikata katikati ya watu, wanakamati wanamwita kwa jina la Ulimbo na yeye haitiki. Hakwenda ukuta wa nyuma. Alilielekea lango kubwa, lile ambalo mchezaji wetu hakulipita hata siku moja, na muuza barafu akauvuta mkokoteni kumpisha. Hapo ndipo nilipomwona akikimbia, mara ya kwanza na ya mwisho. Akatoka. Uwanja ule haukumwona tena.